Wakala wa Lindahl: Bango Mbele ya Nyumba ya Verna

Kitasa hakikugeuka.

Wasomaji walioniandikia juma hili, baada ya sehemu iliyopita ya hadithi hii, wakidai kwamba Verna Prochaska alikosea ufunguo wataniwia radhi. Hakukosea. Mlango ule aliufungua kwa ufunguo uleule tangu siku ofisi ya bima ya Prochaska na Tvedt ilipoanzishwa katika mji wa Lindahl, jimboni Wisconsin, na mwanamke aliyeuza bima ya afya miaka yote hiyo si mtu wa kuchanganya funguo. Asubuhi ile ya Ijumaa, uchaguzi wa Bunge wa katikati ya muhula wa rais ukiwa umemalizika Jumanne tu, ufunguo uliingia vizuri, kisha ukagoma. Ufunguo ulikuwa wa jana. Kitasa kilikuwa cha leo.

Tulimwacha hapo, mkono kwenye chuma baridi, akisikiliza hatua za mtu ndani ya ofisi yake.

Pazia la kioo cha mlango likasogea. Uso uliochungulia haukuwa wa mwizi. Ulikuwa wa Roland Tvedt, mshirika wake, ameshika kikombe cha kahawa. Kikombe kilikuwa cha Verna.

"Roland! Fungua bwana, baridi inanimaliza."

"Kumekuwa na mabadiliko kidogo," Roland akajibu kupitia kioo.

"Mabadiliko gani?"

"Ya kitasa."

"Hilo nimeliona. Nauliza kwa nini."

"Punguza sauti, Verna. Watu wanapita."

Aliyekuwa akipita ni mchungaji wa Kilutheri na mbwa wake, na wote wawili walikuwa wamekwisha kusimama.

Roland akafungua mlango kadiri mnyororo ulivyoruhusu, yaani upana wa pua.

"Nimeuza," akasema.

"Umeuza nini?"

"Ofisi. Wateja. Jina."

"Jina langu?"

"Lako wataliondoa. Wamelipenda langu."

Verna alicheka, kwa sababu alidhani ni mzaha. Roland hakucheka. Hapo ndipo Verna alipokumbuka kwamba Roland hakuwa mtu wa mizaha, na kwamba hilo ndilo jambo alilompendea alipomchagua kuwa mshirika.

"Hujasikia habari kutoka kwenye makampuni?" Roland akaendelea, akinong'ona kama mtu aliye msibani. "Sheria mpya ya bima ya afya inawabana. Katika kila dola mia za ada, themanini ziende kwenye matibabu. Kinachobaki kilipe majengo, wakubwa, matangazo, na sisi. Sasa wewe unadhani watakata kwa wakubwa? Kuanzia Januari kamisheni yetu ni nusu."

"Ndiyo maana tumemchagua Lyle Kessenich! Aende Bungeni akaifute!"

Roland alimtazama kama daktari anavyomtazama ndugu wa mgonjwa.

"Umemuuzia nani, Roland?"

"Ngao ya Kaskazini."

Verna aliwajua. Kila wakala katika jimbo aliwajua. Hawakuuza bima. Waliuza kadi ya punguzo: unaionyesha hospitali, hospitali ikipenda inakupunguzia bei kidogo, isipopenda inakurudishia kadi yako. Maandishi yanayosema kwamba kadi si bima yalikuwepo, upande wa nyuma, kwa herufi zinazohitaji macho ya kijana.

"Huwezi kuuza bila sahihi yangu."

"Nionyeshe mahali palipoandikwa hivyo."

Msomaji wa mjini atauliza mkataba wao ulikuwa wapi. Haukuwepo. Ushirika wa Prochaska na Tvedt ulifungwa kambini, msimu wa kuwinda kulungu, kwa kupeana mikono juu ya boneti ya gari, na katika kaunti ile kumwomba rafiki karatasi baada ya mkono ni sawa na kumwita mwizi mbele ya watoto wake. Verna alikuwa amewatilisha sahihi watu wote wa Lindahl, wakulima, walimu, mzishi na wajane, akiwaonya wasome kila mstari kabla ya kushika kalamu. Yeye mwenyewe hakuwa na mstari hata mmoja wa kusoma. Jengo lilikuwa la baba yake Roland.

"Tulipeana mkono," akasema.

"Kweli kabisa," Roland akakubali. "Na ulikuwa mkono mzuri."

Mlango ukafungwa, kwa upole. Watu wa Lindahl hawabamizi milango.

Sasa, kabla Verna hajafika kwa Kessenich, na yuko njiani anaendesha vibaya, msomaji anapaswa kujua jambo moja.

Wakala wa bima haweki bango la mgombea mbele ya nyumba yake. Haimo katika sheria yoyote. Ni kama kutovaa viatu vyenye tope kanisani. Wakala anaingia jikoni kwa watu wa chama hiki na kile, anajua nani ana kisukari na nani mimba yake iliharibika, na kwa sababu hiyo nyasi za mbele ya nyumba yake hubaki tupu kila mwaka wa uchaguzi. Nyasi za Verna zilikuwa tupu tangu alipozinunua.

Mwaka ule wa 2010 aliliweka. Lilikuwa jekundu, limeandikwa KESSENICH, na chini yake, KWA AJILI YETU.

Tena hakuishia kwenye bango. Kessenich alikuwa muuza matrekta tajiri ambaye hakuwahi kuketi katika jiko la mteja wake hata mmoja. Verna ndiye aliyemfundisha. Pitia mlango wa nyuma, Lyle, wa mbele ni wa polisi na wauza ensaiklopidia. Ukipewa pai, kula. Usitaje shughuli iliyokuleta mpaka sahani iwe tupu. Na kiti cha dirishani usikikalie. Hicho ni cha baba wa nyumba, na akiwa amekufa ndiyo kabisa.

Kessenich alikuwa mwanafunzi mzuri. Walizunguka majira yote ya kupukutika, jiko kwa jiko, Verna akitangulia kubisha hodi. Jumanne watu wakampigia kura.

Duka la matrekta lilikuwa limejaa wakulima waliokuja kunywa kahawa ya ushindi. Donati zilikuwa zimepangwa juu ya mashine ya kupandia mahindi. Verna alimkuta Kessenich amesimama katikati, ameweka mkono juu ya tairi refu kuliko yeye.

"Mheshimiwa," akamwita.

"Ah, Verna! Dada yangu! Usiniite hivyo, bado sijaapishwa." Lakini aligeuka haraka sana kwa mtu asiyetaka kuitwa hivyo. "Chukua donati." Akamtia moja mkononi.

"Lini mnaifuta ile sheria?"

"Sheria ipi?"

"Ipi! Ile uliyoiapia majikoni mwa watu, Lyle. Nilikuwa nimekaa ubavuni pako."

"Aa, hiyo." Akamsogeza pembeni, nyuma ya trekta. "Sikiliza. Bunge la Wawakilishi tumelichukua. Seneti imebaki kwa chama kile kingine. Rais ni wao, na kalamu ya kukataa miswada iko mkononi mwake. Tutapiga kura ya kuifuta, hilo nakuhakikishia kabisa."

"Halafu?"

"Halafu haitafutwa."

Mkulima mmoja alipita akampiga Kessenich begani, akamwambia awaonyeshe huko Washington. Kessenich akaahidi kuwaonyesha.

"Na kamisheni?" Verna akauliza. "Ulisema utazitoa kwenye ile hesabu ya themanini kwa mia. Ulisema wakala hatalipwa kwa makombo. Maneno yako hayo."

"Nilisema nitapigana. Rudia hotuba zangu zote, dada. Hakuna niliposema nitashinda."

"Roland ameuza ofisi yetu."

"Nimesikia."

"Umesikia kutoka kwa nani? Mimi mwenyewe nimesikia saa hii!"

Kessenich akajifuta sukari mdomoni. Alijifuta muda mrefu kuliko sukari iliyokuwepo.

"Ngao ya Kaskazini ni ya nani, Lyle?"

"Ya wanahisa."

"Wanahisa gani?"

"Shemeji yangu. Na wengine wengine."

"Wengine akina nani?"

"Verna, mke wangu si mwanasiasa. Ana haki ya kuwekeza fedha zake kama mwanamke yeyote wa nchi hii huru."

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile Verna aliona picha nzima, na ilikuwa rahisi kupita kiasi. Waambie watu kwamba sheria mpya itawaacha bila bima. Waambie mawakala wao wanakufa njaa. Kisha, hofu ikishaiva, wapelekee kadi.

"Uliwatisha watu ili uwauzie," akasema.

"Tuliwatisha," Kessenich akasahihisha, bila uhasama wowote. "Ulikuwa umekaa ubavuni pangu. Na nakushukuru kwa moyo wote, usifikiri nimesahau. Tangu jana nazunguka na Roland, na kila mlango unafunguka nikisema tu kwamba nimetumwa na Verna. Kila mlango! Leo alfajiri, kabla ya ofisi kufunguliwa, tumetoka kwa Ardis Bohn. Pai yake ya tufaha, mama yangu, mtu anaweza kulia."

Verna akamsogelea.

"Ulikaa wapi?"

"Nini?"

"Jikoni kwa Ardis. Ulikaa kiti gani?"

"Cha dirishani. Alinikaribisha mwenyewe."

Verna aliiweka donati juu ya kiti cha trekta, kiti kipya kabisa cha ngozi, upande wenye sukari ukiwa chini, akatoka.

Ardis Bohn alikuwa mjane wa mfugaji, na ng'ombe wake wa maziwa walikuwa wamekwisha kuuzwa. Alikuwa na saratani ya titi iliyotibiwa, ikatulia, ikarudi. Alikuwa pia na bima ya kweli, ghali na yenye kuchukiza, ambayo Verna alimwandikia kabla ya uvimbe wa kwanza. Kampuni ile ilikuwa na hamu kubwa ya kuachana naye, ila haikuruhusiwa kumtupa mradi tu yeye mwenyewe hajatoka. Akitoka kwa hiari yake hata siku moja, hakuna kampuni jimboni iliyolazimika kumpokea mgonjwa wa namna yake.

Sheria mpya ingewalazimisha, katika sehemu yake itakayoanza miaka michache mbele. Sehemu hiyo ndiyo Kessenich aliyoapa kuing'oa.

Verna alilijua hilo wakati anapigilia bango kwenye nyasi. Nataka msomaji alishike, kwa sababu Verna mwenyewe, akipita mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, alikuwa anajitahidi asilishike.

Alipokata kona kuingia njia ya kina Bohn aliona sanduku la barua kando ya barabara kuu. Kibendera chake chekundu kilikuwa kimesimama wima. Maana yake, mwenye nyumba ana barua inayosubiri kuchukuliwa.

Alipitia mlango wa nyuma. Ardis alikuwa amesimama kwenye sinki, amevaa koti, kitambaa cha bluu kimefunika kichwa kisichokuwa na nywele.

"Hodi, Ardis."

"Umeshaingia."

Akammiminia kahawa. Kahawa haina maana yoyote katika nchi ile. Hata mtoza ushuru hupewa. Verna aliangalia meza. Palikuwa na vikombe viwili vilivyotumika, na pai iliyofunikwa karatasi ya alumini, vipande vyake viwili havipo. Alisubiri karatasi ifunuliwe. Haikufunuliwa. Katika miaka yote ya kuingia jiko lile Verna hakuwahi kunyimwa pai, na sasa alielewa kwamba amekuja akiwa mgeni wa mlango wa mbele.

"Roland alikuwa hapa," akaanza.

"Na Lyle."

"Wamekuuzia kadi."

"Wameniuzia bima," Ardis akasema. "Nafuu kuliko yako. Tena hawakuniuliza hata swali moja kuhusu ugonjwa wangu. Hata moja, Verna. Wewe uliwahi kuniuliza mpaka mama yangu alikufa kwa ugonjwa gani."

"Ndiyo maana! Mwenye kuuza bima lazima aulize, kwa sababu ndiye atakayelipa. Wao hawakuuliza kwa kuwa hawatalipa kitu. Ile ni kadi ya punguzo, Ardis. Geuza nyuma usome."

Ardis hakuigeuza.

"Roland alisema bima yangu ya zamani inakufa yenyewe Januari. Kwa sababu haina wakala tena. Kwamba wewe umemalizika."

"Mimi nimemalizika, hilo ni kweli. Bima ni yako, si yangu. Hata nikifa leo barabarani, bima yako inaendelea. Mradi hujatoka." Verna akashika ukingo wa meza. "Niambie hujawaandikia kwamba umetoka."

Ardis akatazama nje dirishani, kuelekea barabarani.

"Ndiyo hiyo kwenye sanduku?"

"Roland alinisaidia maneno. Ana mwandiko mzuri."

"Toka ukaichukue, mimi siruhusiwi kugusa sanduku la mtu. Sasa hivi. Kampuni ile inahesabu kuanzia muhuri wa posta. Ikigongwa leo, umetoka leo, na hawatakurudisha hata ukipiga magoti. Wamekuwa wanasubiri barua hiyo tangu ugonjwa ulipokurudia."

"Unasema hivyo kwa sababu ni kweli, au kwa sababu Roland amekufungia nje?"

"Yote mawili."

Jibu hilo, nadhani, lilimfaa Verna kuliko alivyostahili. Ardis alifunga vifungo vya koti lake. Akachukua fimbo. Alifika mpaka kwenye mlango, akaweka mkono kwenye kitasa, na Verna akafumba macho kwa shukrani.

Kitasa hakikugeuka.

"Nijibu kitu kimoja kwanza," Ardis akasema, mgongo bado umegeuka. "Bango lako."

"Ardis, posta inapita muda wowote."

"Siku lilipowekwa nilikuwa natoka hospitali. Nilizima gari mbele ya nyumba yako. Nikalitazama bango mpaka kioo kikaingia ukungu. Nikajiambia, labda hajui. Labda kuna mhuni amelichomeka usiku. Nikarudi siku ya pili nikakuta umelinyoosha, kwa sababu upepo ulikuwa umelilaza." Akageuka. "Basi nijibu. Ulijua kwamba sheria anayotaka kuifuta yule bwana ndiyo ingenikinga mimi?"

Verna angeweza kusema hapana. Sioni sababu ya kumficha msomaji kwamba neno lilikuwa limekwisha kufika mdomoni. Alikuwa na ushahidi wa kutosha wa kutojua: sheria ile ilikuwa na kurasa ambazo hata waliozipigia kura hawakuzisoma. Lakini kuna watu ambao kazi imewaharibu, na Verna alikuwa mmoja wao. Hakuwahi kusema uongo mbele ya meza ya jikoni. Ndicho kitu pekee alichokuwa akiuza.

"Nilijua," akasema.

Ardis akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ambayo alikwisha kuikisia.

"Ulikuwa unaokoa nini?"

"Ofisi."

"Iko wapi?"

Verna akakisukuma kikombe kando.

"Na ulipomleta hapa mwezi wa tisa," Ardis akaendelea, "ukamwambia mbele yangu, 'Huyu ni Ardis, ni kama dada yangu.' Nikamkatia pai. Nikampa kura yangu. Kwa ajili yako, bibi wee, si kwa ajili yake! Yeye simjui. Asiyenijua hawezi kunisaliti. Ndiyo sababu leo nimemkalisha kwenye kiti cha marehemu Orville wangu. Nilitaka nione kama nyumba itaanguka."

"Ardis."

"Haikuanguka."

Akaegemeza fimbo ukutani. Akafungua kifungo cha kwanza cha koti. Akavuta kiti cha dirishani, kiti ambacho yeye mwenyewe hakuwahi kukikalia mume wake akiwa hai wala alipokufa, akakaa.

Ndipo gari lilipoonekana.

Lilikuwa gari jeupe, usukani upande wa kulia kama yalivyo magari ya watu wanaosambaza barua mashambani, linatambaa kando ya barabara kuu, likisimama sanduku kwa sanduku. Sanduku la jirani. Halafu nafasi ndefu ya uzio. Halafu la Bohn.

"Nakuomba," Verna akasema. "Nichukie. Nisengenye mji mzima. Lakini nenda."

Ardis alikuwa akiangalia kioo.

Verna alitoka mbio, koti ameliacha kitini. Hakuwa mwanamke wa kukimbia, na njia ile ilikuwa ya changarawe yenye barafu nyembamba. Aliteleza kando ya banda tupu la ng'ombe, akainuka na goti lililochanika, akapunga mkono, akapiga kelele. Aliona mkono ukitoka dirishani mwa gari, ukifungua sanduku, ukitoa bahasha moja nyeupe. Kisha mkono ule ukashusha kibendera.

"Simama! Simama hapo!"

Gari lilikuwa limesimama tayari. Dereva alikuwa akimtazama bila mshangao, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi. Alikuwa Marlys Tvedt.

Ndiyo, Tvedt. Mke wa Roland.

"Verna," Marlys akasema. "Unatoka damu."

"Hiyo barua. Nipe."

"Ni yako?"

"Ni ya Ardis. Amekosea. Mumeo amemdanganya, Marlys! Ile kadi ni takataka, na hiyo barua ikigongwa muhuri leo hatakuwa na bima mpaka anakufa, na unajua anaumwa nini. Kila mtu katika barabara hii anajua anaumwa nini."

Marlys aliiweka bahasha katika trei juu ya nyingine, akaisawazisha pembe zake.

"Roland anauza, mimi nasambaza," akasema. "Hatuulizani."

"Nakuomba kama mwanamke mwenzangu."

"Ukiniomba kama mwanamke nitakupa, kisha nifukuzwe kazi, na tangu juzi nina wasiwasi kwamba kazi hii ndiyo pekee ya halali itakayobaki nyumbani kwangu." Sauti yake haikupanda. "Ikishaingia garini ni mali ya serikali, Verna. Wewe ukiigusa ni kosa. Mimi nikikupa ni kosa. Kuna mtu mmoja tu anayeweza kuidai."

"Nani?"

"Aliyeiandika. Aje hapa kwa miguu yake, aniambie kwa mdomo wake, 'Marlys, nirudishie barua yangu.' Nitamrudishia hapo hapo, na Roland akiniuliza jioni, nitamwambia."

Verna akageuka kutazama nyumba. Ilikuwa mbali kuliko alivyodhani wakati anakimbia. Dirishani, kwenye kiti cha Orville Bohn, kitambaa cha bluu kilionekana wazi, hakisogei.

Alipunga mikono yote miwili. Aliita jina la Ardis mara moja, mara nyingine, mpaka sauti ikakatika. Kunguru waliruka kwenye mabua. Kitambaa hakikusogea.

"Anatuona?" Marlys akauliza.

"Anatuona."

Marlys akafungua kisanduku cha mbele ya gari, akatoa pakiti, akachomoa sigara moja. Katika gari la posta hilo nalo ni kosa.

"Nimeacha tangu Pasaka," akasema, akiiwasha. "Nikimaliza hii, naondoka. Njia hii ni ndefu, na posta kuu hawanisubiri."

Verna alikuwa ameshika sanduku tupu la barua kwa mikono miwili kama mtu anayeshika ukingo wa mashua, macho hayabanduki dirishani. Alifikiri, kwa utulivu uliomtisha, kwamba mwezi wa tisa angeweza kuliacha bango lilale pale upepo ulipoliangusha.

Ndani ya jiko, kitambaa cha bluu kikainuka.

Ardis alikuwa amesimama. Alikaa hivyo kitambo, mkono mmoja juu ya mgongo wa kiti, anatazama barabara, gari, na mwanamke asiye na koti aliyesimama kando yake. Kisha akanyoosha mkono juu, akavuta pazia kufunika kioo.

Mtu aliyevuta pazia anaweza kuwa anakwenda mlangoni. Anaweza pia kuwa amerudi kukaa. Kutoka barabarani hakuna anayeweza kujua.

Verna alimtazama Marlys. Sigara ilikuwa imebaki nusu.